Kufuli ya bweni

Mpwa wangu kapata ajira, kapangiwa Mbulu, tena kule chini bonde la Yaeda. Juzi kanipigia: "Shikamoo mjomba, nibebe nini?" Nikamwambia tochi, blanketi zito maana Mbulu mjini baridi yake haina mchezo, na chandarua cha kule bondeni. Simu ilipokatika nikabaki namuwaza bibi mmoja wa Kihadzabe.

Wakati huo nafundisha shule ya bweni, jina tuliache. Wairaqw wapo, Wadatoga wapo, na Wahadzabe ambao muhula ulianza nao wengi ukaisha nao wa kuhesabika. Walitoroka usiku, watoto wa darasa la pili, wakakata pori hadi kambini kwa wazazi wao, na walifika salama. Hilo la kufika salama nadhani ndilo lililotuudhi zaidi. Kikaitishwa kikao, na safari hii mkuu wa shule akamsikiliza mwenyekiti wa kijiji chao: wazazi wasije kuhutubiwa, waje wakague.

Wakaja. Madarasa waliyapita tu. Jikoni wakaonja makande, kimya. Bwenini ndiko tulikokwama.

Bibi aliegemeza ukutani mti wake wa kuchimbia mizizi, akabonyeza godoro kwa kiganja, akalinusa. Akakaa kitanda cha chini cha dabodeka, akainua uso akawa anazitazama mbao za kitanda cha juu kana kwamba zitamwangukia. Kisha akauliza, kijana wao aliyemaliza kidato cha nne akitafsiri: usiku nani analala humu na watoto?

Mkuu akasema mlinzi yupo. Ndani? Hapana, getini. Ndani kuna viranja. Viranja ni watu wazima? Ni wa darasa la sita. Bibi akacheka, wala si kwa dharau, alidhani anataniwa.

Wakati wa kutoka akaiona kufuli, inaning'inia kwenye komeo upande wa nje wa mlango. Akaishika, akaigeuza, akaichungulia tundu la ufunguo. Akauliza: hii ni ya fisi?

Kijana akatafsiri. Mkuu akamtazama ofisa elimu kata, ofisa elimu kata akaanza kupekua diari yake. Mimi niliyekuwa karibu nikasema, "Hapana bibi. Ni ya watoto, wasitoke." Nikasubiri itafsiriwe. Kijana akanyamaza, na bibi alikuwa ameshaiachia kufuli kama kitu cha moto. Kumbe Kiswahili alikuwa nacho muda wote.

Makubaliano yalipatikana upesi. Bibi ahamie bwenini, awe mlezi. Msimu wa matunda pori watoto wapewe ruhusa, waende na warudi. Kufuli ihamie stoo ya mahindi. Kazi ikawa posho ya bibi, maana kifungu hakuna. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo mna mitihani, mna ukarabati. Tukiwa bado tunaandika muhtasari, mwenyekiti akasema kijiji kitalipa, kutoka hela ya kaboni wanayopata kwa kutunza msitu kwenye ardhi waliyopewa hati ya kimila mwaka 2011.

Tulipiga makofi. Baadaye nikawaza, hivi kweli, watu ambao hawazidi sana elfu moja nchi nzima ndio walipie mlezi kwenye shule ya serikali? Mwenzangu mmoja akanijibu kwamba anayelipa ndiye mwenye sauti, kwa hiyo afadhali walipe wao. Sijapata la kumjibu mpaka leo.

Muhula uliofuata watoro walipungua kwenye rejesta. Ila na mvua zilikuwa nzuri mwaka huo, uji haukukatika hata siku moja. Mkuu aliiandikia wilaya kuwa ni uji. Mimi nasema ni bibi, lakini siapi.