Hii ya wapi?

Duka langu lipo Ngamiani, hatua chache kutoka soko la Mgandini. Nauza kamba, mazulia ya mlangoni, brashi na madodoki ya kuogea, vyote vya katani, yaani nyuzi za mkonge. Wateja wengi hawaanzi na bei. Wanaanza na "Hii ya wapi?"

Wiki iliyopita kaka mmoja alichagua kamba, akaivuta kwa mikono miwili, akaridhika. Mita 20 kwa shilingi 8,000, hakubisha. Alipouliza ya wapi nikamwambia ya hapahapa Tanga. "Aa, basi nifanyie elfu tano." Kamba ileile aliyokwisha kuisifu! Sikumpunguzia. Marehemu baba alifanya kazi korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, miaka mingi upande wa Muheza, akilisha mashine majani ya mkonge. Jioni alirudi na mikono inamwasha, mama anampashia maji. Mtu akinikata zile elfu tatu naiona mikono ile.

Tena mkonge kwetu si wa jana. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka hapo ukajaza mkoa mzima.

Mwaka jana wifi yangu alikuja kutoka Uingereza na zawadi, zulia dogo lililofungwa kwa karatasi nzuri. "Wifi, vitu hivi huku hamna." Nikachomoa uzi mmoja, nikaunusa. Katani! Nikamshika mkono nikampeleka dukani kumwonyesha yangu. Alinyamaza muda mrefu, akayageuza moja moja, kisha akauliza kwa nini yangu hayana hata kibandiko.

Hapo alinigusa, maana ni kweli. Kuna mzigo niliupokea kamba zimesokotwa legelege, nyingine nene huku na nyembamba kule, na mteja aliyenirudishia alikuwa na haki. Mafundi wa dari za jipsamu hawaniulizi ya wapi. Wanataka singa, yaani nyuzi zisizosokotwa, ndefu, nyeupe, zisizo na takataka, na wakizipata wanalipa. Mvuvi naye simdanganyi: katani ikishinda majini inaoza, kwa hiyo namwelekeza duka la jirani akachukue nailoni. Lakini kwa kufunga mizigo, mbuzi au jukwaa la ujenzi, fundo la katani linashika, haliteleziteleza.

Siku hizi napima kila kamba kabla ya kuipanga, nakata kipande cha boksi na kuandika urefu wake na neno TANGA kwa herufi kubwa. Legelege narudisha kwa aliyeniuzia.

Juzi mama mmoja wa Pongwe alisoma kile kipande cha boksi kabla hajanisalimia. "Ya kwetu hii? Nipe mbili, mwanangu. Ile ya nailoni imemchubua mbuzi wangu shingo yote."