Rangi tatu za ukuta mmoja

Ukuta wa duka la mjomba, hapa Ngamiani, Tanga, ulipakwa rangi mara tatu, kwa majina matatu ya mtandao uleule wa simu: Celtel, Zain mwaka 2008, Airtel mwaka 2010. Laini yangu ileile. Bharti ya India, wenye Airtel, haikuchimba msingi. Ilikubali dola bilioni 10.7 ikachukua mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika, pamoja na wateja, mimi nikiwemo.

Dangote wa Nigeria yeye alijenga kiwanda chake cha saruji Mtwara, kikaanza 2015. Mjomba, aliyekuwa fundi mwashi kabla ya duka, anamsifu huyo. Mimi nawaelewa Bharti: leseni na masafa ya mawimbi ya simu havikorogwi kwa koleo, na wateja hawafyatuliwi kama matofali.

Rangi ya Zain bado inachungulia pale ukuta ulipobanduka.