Nasikia, Ila Sielewi: Kupima Masikio na Kuzoea Shimesikio

Mzee anayeanza kupoteza usikivu mara nyingi hasemi "sisikii". Husema, "Nasikia, ila sielewi. Siku hizi watu wanamung'unya maneno." Anasema kweli. Usikivu unaopungua kwa umri, au kwa miaka ya kelele za mashine, kwa kawaida huanza kuondoka kwenye sauti nyembamba, na huko ndiko zilipo s, sh, f na th. Irabu zina nguvu, na Kiswahili kimejaa irabu, kwa hiyo mtu anaupata mlio wa sentensi nzima huku "saba" na "shaba", "fika" na "shika" vikimchanganya. Kumpigia kelele hakumsaidii sana. Irabu zinazidi kuvuma na konsonanti zinabaki kufifia. Mkalie mbele, penye mwanga, umtazame usoni, kisha ongea taratibu.

Kabla ya kipimo cha usikivu, sikio lichunguliwe kwanza. Nta ikijaa ndani inaharibu majibu yote, na anayeifukua kwa njiti ya kiberiti anaisukuma kwenye ngoma ya sikio. Kisha unaingizwa kwenye chumba tulivu, unavishwa visikizi (hedifoni) na kupewa kitufe. Milio inapita sikio moja baada ya jingine, kuanzia mizito ya hezi 250 hadi myembamba ya hezi 8000. Bonyeza hata kama mlio unausikia kwa mbali sana. Wengi hukosea hapa: wanasubiri wawe na uhakika, na karatasi inaonyesha usikivu mbaya kuliko walio nao.

Baada ya hapo unawekewa kitetemeshi kwenye mfupa nyuma ya sikio. Hicho kinalifikia sikio la ndani bila kupitia tundu wala ngoma. Kama kwa mfupa unasikia vizuri na kwa visikizi husikii, kasoro ipo nje au katikati: nta, majimaji, ngoma iliyotoboka. Mengi ya hayo yana tiba, na huenda shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, isihitajike kabisa.

Majibu huchorwa kwenye grafu, kwa kawaida duara jekundu kwa sikio la kulia na X ya bluu kwa la kushoto. Namba za desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, huongezeka kwenda chini. Alama zikiwa juu ya mstari wa desibeli 20, yaani pungufu ya 20, Shirika la Afya Duniani linahesabu usikivu ni wa kawaida. Zikishuka hadi kati ya 35 na 50, upotevu ni wa wastani. Omba nakala ya grafu hiyo na uitunze. Mtajie pia mpimaji dawa ulizowahi kutumia, hasa sindano za streptomaisini, kanamaisini au jentamaisini, maana zinaweza kuua usikivu. Na sikio likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, usingoje miadi. Hiyo ni dharura, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Naomba sana, usimvishe mama shimesikio ya marehemu babu. Ilipangwa kwa grafu ya babu, na kikombe chake, ile sehemu inayoingia sikioni, kilichongwa kwa umbo la sikio la babu. Vipaza sauti vya kuvaa sikioni vya bei rahisi navyo vingi huongeza kila sauti kwa pamoja, hata zile ambazo mtu hana shida nazo.

Wiki za kwanza ni ngumu. Vijiko vinagonga sahani kama nyundo, mfuko wa plastiki unachakarisha, na sauti yako mwenyewe inatoka kama uko ndani ya pipa. Ubongo umekaa miaka bila sauti hizo na lazima uzizoee upya. Anza saa moja au mbili nyumbani, na mtu mmoja, redio imezimwa. Ongeza kila siku. Sokoni na harusini baadaye. Zaidi ya yote, rudi kliniki baada ya wiki mbili hadi nne ukiwa umeandika kinachokukera, kwani sauti hurekebishwa, na ile hali ya pipa mara nyingi hupunguzwa kwa kupanua tundu dogo la hewa kwenye kikombe. Shimesikio nyingi hufia kabatini kwa sababu ya safari hii moja isiyofanywa.

Betri za shimesikio zenye umbo la kitufe huvuta hewa. Ukibandua kibandiko (cha chungwa kwa namba 13, kahawia kwa 312), iache wazi dakika moja hivi ndipo uifunge ndani. Ikishabanduliwa inaendelea kuisha hata usipoitumia. Usiku fungua mlango wa betri, na kama uko pwani, weka kifaa kwenye kopo lenye vijipakiti vya kukausha unyevu.

Kifaa kikipiga mluzi, kitoe sikioni kikiwa kimewashwa na uzibe tundu la kikombe kwa kidole. Mluzi ukikata, kikombe hakikukaa sawa, kimelegea, au sikio lina nta. Ukiendelea, tazama mrija unaounganisha kifaa na kikombe: ukikauka, ukawa wa njano na mgumu, hupasuka pale unapopinda, nao hubadilishwa kila baada ya miezi michache.