Magunzi ya Mahindi Yalivyoiokoa Miche Yangu ya Nyanya

Ninakuza miche ya nyanya ya kuuza chini ya mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, na maji ninayomwagilia hunifikia baada ya kupita katika mashamba hayo, ambako wenzangu hupulizia 2,4-D dhidi ya magugu ya majani mapana. Mpunga huihimili dawa hiyo, lakini nyanya hudhurika hata kwa kiasi kidogo mno: majani hujikunja, shina hupinda, na mteja huondoka.

Niliambiwa nichemshe maji, kisha nitie klorini, kisha shabu, na ushauri huo unaniudhi hadi leo kwa sababu walioutoa ni watu wanaosikilizwa. Kuchemsha huua vijidudu, bali kiuagugu hubaki sufuriani, tena huzidi ukali maji yanapopungua kwa mvuke. Shabu nayo hutuliza tope tu. Mwingine akasisitiza mkaa wa jikoni uliopondwa. Maji yalitoka meusi na miche ikajikunja vilevile, kwani mkaa wa tanuri la udongo mara nyingi huiva kwa joto dogo, na vitundu ambavyo vingenasa sumu hubaki vimezibwa na lami.

Kilichofaa ni mkaa wa magunzi yanayotupwa baada ya kupukuchua mahindi, niliouchoma kwa makopo mawili matupu ya rangi. Kopo dogo nililitoboa chini, nikalitoboa tena ubavuni karibu na mdomo, kisha nikalitumbukiza katika kubwa lenye matundu ya hewa chini. Magunzi makavu hujazwa na kuwashwa kwa juu, na hapo ndipo penye ufundi wote: moto hushuka polepole, moshi huungua kabla ya kutoka, na joto hupita nyuzi 600. Mwali wa manjano ukififia, mwagia maji papo hapo, maana ukikawia utazoa majivu. Sugua kipande kidoleni. Weusi ukitoka kwa maji matupu bila sabuni, mkaa umeiva.

Pipa la kuchujia maji liwe lililokuwa na mafuta ya kula, kamwe lisiwe la viuatilifu. Maji hupita kwanza kwenye mchanga, kwa sababu uchafu wa majani yaliyooza hugombea vitundu vilevile, ndipo yaingie kwenye mkaa uliopondwa, taratibu sana. Gharama yote haikufika bei ya mfuko wa mbolea.

Uthibitisho niliupata kwa nyanya zenyewe: trei mbili, mbegu moja, udongo mmoja, moja ikanyweshwa maji ya mtaro na nyingine yaliyochujwa. Ya kwanza ilijikunja yote. Ya pili ilinyooka, na nilimwita kila jirani aje kuitazama. Sasa huacha miche michache mbele ya mingine ipokee maji ya pipa kwanza, na majani yake yakianza kupinda hubadilisha mkaa. Uliotumika siutii kitaluni. Maji ya kunywa bado tunachota bombani, kwa kuwa mche wa nyanya huonyesha kiuagugu tu, wala hauwezi kuonyesha sumu za kuulia wadudu.