Okei ya Mwaloni

Jana nimeenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kutafuta sato. Mama muuzaji kataja 15,000. Nikamwambia, "Mama, fanya 10,000." Akajibu "okei" huku anakwangua magamba. Nami haraka nikachomoa msimbazi wangu, noti ya 10,000.

"Hiyo ya nini tena, mwanangu?"

Kumbe okei yake ni "nimekusikia", siyo "nimekubali"! Neno lenyewe lilianza kwa utani: mwaka 1839 gazeti la Boston, Marekani, lilichapa herufi o.k. kama kifupi cha "oll korrect", yaani "all correct" (sawa kabisa) iliyokosewa tahajia makusudi. (Huku kwetu "sawa" nayo ni hivyo hivyo, muulize mwenye deni.)

Tumemalizana kwa 13,000. Nikaomba aniongezee dagaa kidogo, akasema okei. Nimesimama pale mpaka miguu ikauma.