Dar es Salaam, nimerudi kutafuta kivuli

Ndugu na marafiki mlioniuliza Dar nimeikutaje, jibu langu ni refu kidogo.

Kila aliyenipokea alitaka nisifu maghorofa. Nayasifu, na kwa moyo. Ukivuka kwa pantoni kutoka Kigamboni asubuhi, minara ya vioo imejipanga juu ya bandari, na chini yake bado unaliona Kanisa la Mtakatifu Joseph na paa jekundu la Kanisa la Kilutheri la Azania Front, yaliyosimama hapo tangu zama za Wajerumani. Karibu yake kuna Boma la Kale, alilojenga Sultani Majid miaka ya 1860 kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Zama tatu kwa mtupo mmoja wa jicho!

Nimeishi Rotterdam, mji ambao kitovu chake kiliteketezwa kwa mabomu Mei 1940. Wenyewe walijenga upya, tena vizuri, lakini kilichoungua hakikurudi. Sisi kitovu cha mji wetu hakikuteketezwa na mabomu namna hiyo. Tunachobomoa, tunabomoa wenyewe.

Kwa hiyo nimekuwa nikitembea kwa miguu, hasa Uhindini. Pita Mtaa wa India au Jamhuri saa saba mchana na utaelewa ninachosema. Yale majengo ya zamani ya ghorofa mbili tatu, duka chini na familia juu, yana roshani zilizotokeza juu ya njia ya watembea kwa miguu. Unatoka duka hili hadi lile bila jua kukugusa, na mvua ikishuka unajibanza hapo hapo na wenzako. Inua macho uone jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi vimefinyangwa kwenye plasta. Aliyejenga alijua kwamba mpita njia naye ana haki kwenye jengo lake. Hatua chache mbele unafika kwenye mnara mpya: lango la magari, ukuta wa kioo, mlinzi, na jua la utosini. Urefu wake haunisumbui hata kidogo. Kinachoniuma ni pale chini, mahali watu wanapopita.

Kariakoo nilikwenda kumsalimia shangazi. Nyumba yake ni ile ya Kiswahili mnayoijua: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, baraza mbele. Pande zote mbili majirani wameshauza, yamepanda maghorofa yaliyojaa fremu za maduka.

“Shangazi, wewe hujafuatwa na madalali?”

“Wanakuja kila siku, mwanangu. Nawakaribisha barazani, wanakunywa maji, wanakwenda zao.”

Tulipokuwa tumekaa pale, machinga wawili na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni walikuja kupumzika bila kuomba ruhusa, na shangazi hakushangaa. Baraza ni ya nyumba, lakini ni ya mtaa pia.

Msidhani nalia na ya kale tu. Jengo ninalolipenda kuliko yote mjini ni la zege: Soko la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wetu aliyesomea Israel, na likafunguliwa mwaka 1975. Tazama paa lake. Ile miavuli mikubwa ya zege imepinda juu kama faneli, inakusanya maji ya mvua na kuyashusha hadi kwenye tangi chini ya ardhi, na hewa inapita katikati yake bila feni. Ni usasa kamili, na bado linafanya kazi ileile ya baraza ya shangazi: linawapa watu wengi kivuli na upepo. Moto wa Julai 2021 uliniliza nikiwa mbali. Nilifurahi sana kusikia kwamba lingekarabatiwa badala ya kuangushwa.

Wasanifu vijana mnaosoma hapa, nendeni mkalitazame kabla hamjachora mnara mwingine. Chora ghorofa thelathini ukitaka, ila ile ya chini itokeze kibaraza juu ya njia.

Nami nimeanza kupiga picha roshani zote zenye majina na miaka, mtaa kwa mtaa, kuanzia Kisutu. Wenye picha za zamani za Mtaa wa Mosque na Zanaki, tafadhali nitumieni, hasa za majengo ambayo hayapo tena.