Potasiamu Yangu Haikupotea, Ilihama

Anayetaka kuniudhi aniambie nile ndizi, eti niongeze madini ya potasiamu. Nimeambiwa na majirani, na shemeji, hata na daktari mmoja aliyekuwa akitazama saa huku akiniandikia vitamini. Ugonjwa wangu ni kupooza kwa vipindi kunakoletwa na kushuka kwa potasiamu kwenye damu, na chakula si chanzo. Potasiamu ninayo ya kutosha mwilini. Ila kuna nyakati inaihama damu ghafla na kujazana ndani ya seli za misuli, basi misuli inagoma.

Ilikuwa hivi: naamka alfajiri, akili timamu, naongea, napumua, ila kuanzia shingoni kwenda chini ni gogo. Ikifika jioni nimeshasimama. Nikienda kupimwa nikiwa natembea, potasiamu inasoma 4.2, na kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Basi naambiwa nina msongo wa mawazo. Kuna aliyesema nakwepa kazi. Fedha zilizoteketea kwenye vipimo hivyo sitaki hata kuzikumbuka.

Siku moja nikafikishwa hospitali nikiwa bado nimelegea. Nikajisemea, leo wataona wenyewe. Nesi, mtu mwema kabisa, akasema, "Pole kaka, sukari itakuwa imeshuka," akanitundikia dripu ya glukosi. Naingia mle mikono ilikuwa inafika kifuani. Chupa ilipofika nusu, vidole havikunji. Ilipokaribia kuisha, shingo nayo ikakataa, ikabidi mke wangu anigeuze kichwa ili nimwone daktari anayeniuliza kama najisikia nafuu! Glukosi huamsha insulini, na insulini ndiyo inayoisukuma potasiamu iingie kwenye misuli. Ndiyo maana hata mlo mzito wa wanga usiku uliniangusha asubuhi yake, sawa na kupumzika baada ya kazi ngumu.

Aliyeivunja hiyo ngome ni mke wangu. Shambulio lililofuata, alinibandikia karatasi kifuani kwa plasta: PIMA POTASIAMU SASA, KABLA YA DRIPU. GLUKOSI HAPANA. Watu wa mapokezi walicheka, lakini damu walitoa. Jibu: 2.1. Kijana wa maabara akarudia kipimo akidhani mashine imeharibika, ikatoka ileile. Kipimo cha umeme wa moyo nacho kilikuwa kimebadilika mawimbi. Sijawahi kufurahia jibu baya kiasi kile. Nililala pale siwezi kunyanyua kidole, nacheka peke yangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Walipima tezi ya shingo, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi huleta kupooza kwa namna hiihii na tiba yake ni nyingine. Bingwa wa mishipa ya fahamu akanikazisha kidole kidogo cha mkono kwa dakika kadhaa, kisha akakaa karibu saa nzima akiangalia kwenye mashine jinsi msuli unavyofifia. Kipimo cha jeni kikaonyesha hitilafu kwenye jeni iitwayo CACNA1S. Wengine wanayo kwenye SCN4A, na wapo wasioonekana na kitu ingawa ugonjwa wanao. Kila mtoto wangu ana nusu kwa nusu ya kuirithi.

Sasa natumia asetazolamidi. Vidole vinawashawasha na soda haina tena ladha, lakini mashambulizi yamepungua sana. Maji nakunywa mengi, maana dawa hiyo huweza kuleta mawe kwenye figo. Miguu ikianza kuwa mizito naitembeza polepole, mara nyingine inasalimu amri. Isiposalimu, nakunywa kloridi ya potasiamu niliyoandikiwa, kidogo kidogo, ina ladha mbaya ajabu. Kuifakamia ni hatari: ile iliyojificha ikirudi yote kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Usiniombe dawa yangu pia, kwa kuwa kuna aina ya ugonjwa huu ambayo potasiamu hupanda, na mgonjwa wa aina hiyo ukimpa potasiamu unamzidishia.

Majuzi nilifanyiwa upasuaji wa henia. Karatasi niliingia nayo. Daktari wa nusukaputi aliisoma mara mbili, akaniuliza shambulio la mwisho lilikuwa lini, kisha akaamuru chupa za glukosi zitolewe kabisa chumbani.